Doa Chini ya Ukucha: Maisha ya Bob Marley

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia nyimbo za Bob Marley. Huenda umezisikia redioni, au dukani, au ndani ya basi. Huenda umeona picha yake kwenye fulana ya kijana, nywele zake ndefu zimesokotana. Watu wengi wanajua kuwa mtu huyu alikuwa mwimbaji mashuhuri. Ni wachache wanaojua alikufa kwa ugonjwa gani.

Bob Marley alikufa kwa saratani ya ngozi. Wengine huiita kansa ya ngozi. Saratani hiyo ilianza chini ya ukucha wa kidole kimoja cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni jeraha tu la mpira.

Katika kitabu hiki utasoma maisha yake. Pia utajifunza jinsi saratani ya ngozi inavyofanana na mambo mengine madogo, na jinsi ya kuitofautisha. Soma polepole. Kisha zungumza na wenzako darasani.

1. Mtoto wa kijijini

Bob Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945. Jina lake kamili lilikuwa Robert Nesta Marley. Alizaliwa katika kijiji cha Nine Mile, nchini Jamaika. Jamaika ni kisiwa katika bahari ya Karibi, ng'ambo ya Afrika, upande wa Marekani. Watu wengi wa kisiwa hicho ni wajukuu wa Waafrika. Wazee wao walichukuliwa utumwani wakapelekwa huko kulima miwa. Wakati Bob anazaliwa, Jamaika ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza.

Mama yake aliitwa Cedella. Alikuwa msichana wa kijijini mwenye umri wa miaka 18. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mzungu, tena mwenye umri mkubwa sana kuliko mama. Baba huyo hakukaa na mkewe wala mtoto. Alikufa mwaka 1955, Bob akiwa na miaka 10.

Kwa hiyo Bob alilelewa na mama na babu. Babu yake, Omeriah Malcolm, alikuwa mkulima aliyeheshimiwa na watu wa kijiji. Bob alikua kama watoto wengi wa shamba wanavyokua. Alitembea pekupeku, alichunga mbuzi, na alicheza mpira.

2. Maisha ya mjini

Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, mama yake alihamia mjini Kingston kutafuta kazi. Kingston ndio mji mkuu wa Jamaika. Bob alimfuata mama yake. Walikaa katika mtaa wa watu maskini uitwao Trench Town. Nyumba zilisongamana, na kazi zilikuwa shida. Lakini mtaa ule ulikuwa na vijana wengi waliopenda kuimba.

Bob aliacha shule mapema. Akapelekwa kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Siku moja kipande kidogo cha chuma kilimrukia kikamwingia jichoni. Aliumia sana. Kipande hicho kilitolewa, na jicho likapona. Toka hapo Bob aliacha kazi ya vyuma akashika muziki.

Mwaka 1962 alirekodi wimbo wake wa kwanza. Mwaka huo huo Jamaika ilipata uhuru. Mwaka 1963 yeye na wenzake waliunda kundi lililoitwa The Wailers. Wenzake wakubwa walikuwa Peter Tosh na Bunny Wailer. Mwaka 1966 Bob alimwoa Rita Anderson, aliyekuwa mwimbaji pia. Baada ya arusi alikwenda Marekani, ambako mama yake alikuwa amehamia. Alifanya kazi za vibarua kwa miezi michache, akakusanya fedha kidogo, akarudi nyumbani.

Katika miaka hiyo Bob alijiunga na dini ya Rastafari. Wafuasi wa dini hiyo huiona Afrika, hasa Ethiopia, kuwa nchi yao ya asili. Hawakati nywele zao. Wengi wao hawali nyama. Wengi huamini kuwa mwili wa mtu ni mtakatifu, nao haufai kukatwakatwa. Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji. Tutalirudia mbele.

3. Risasi hazikumwua

Kuanzia mwaka 1973 santuri za Bob Marley zilianza kuuzwa Uingereza, Marekani, na nchi nyingine nyingi. Muziki wake ulikuwa wa rege. Aliimba juu ya maskini, juu ya haki, na juu ya umoja wa watu weusi.

Mwaka 1976 Jamaika ilikuwa na fujo za siasa. Vyama viwili vikubwa vilipambana, na vijana wa mitaani walipigana kwa bunduki. Bob alikubali kuimba katika tamasha la bure mjini Kingston. Tarehe 3 Desemba 1976, siku mbili kabla ya tamasha, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake usiku. Walimpiga Bob risasi kifuani na mkononi. Mkewe Rita alipigwa risasi kichwani. Msimamizi wa kazi zake naye alijeruhiwa vibaya. Wote walipona.

Tarehe 5 Desemba Bob alipanda jukwaani akiwa na vidonda vyake akaimba. Watu wakashangaa ushujaa wake. Baada ya hapo aliondoka Jamaika, akaenda kukaa London, Uingereza.

Tazama jambo hili. Mtu ambaye risasi hazikumwua alikuja kuuawa na doa dogo chini ya ukucha.

4. Kidole kinaumia

Bob alipenda mpira kama alivyopenda muziki. Kila alikokwenda na bendi yake, walitafuta uwanja wakacheza. Mwaka 1977, akiwa katika safari ya muziki huko Ulaya, alicheza mpira akaumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukucha uliharibika. Yeye na wenzake walidhani ni jeraha la kawaida la mchezaji. Aliendelea kuimba na kurukaruka jukwaani. Aliendelea pia kucheza mpira.

Lakini kidole hakikupona. Siku zilipita, na kidonda kilibaki pale pale. Mwezi Julai 1977 madaktari walikipima. Wakaona kuwa chini ya ukucha ule kulikuwa na saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Melanoma ni ugonjwa wa namna gani? Ngozi ya mtu imejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo macho hayawezi kuziona. Baadhi ya chembe hizo kazi yake ni kutengeneza rangi ya ngozi. Chembe hizo zikianza kuzaliana ovyo, bila mpango, zinafanya doa au uvimbe. Hiyo ndiyo melanoma. Mwanzoni hukaa juu juu ya ngozi. Ikiachwa hushuka chini, ikaingia katika mishipa, kisha ikasafiri hadi kwenye mapafu, ini, au ubongo.

Wako watu wanaosema kuwa mpira ndio uliomletea Bob saratani. Si kweli. Mpira uliumiza kidole, na kidole kikatazamwa. Saratani ni jambo jingine.

Tena wako wanaodhani kuwa saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Hilo nalo si kweli. Ni kweli kwamba melanoma hupata Wazungu mara nyingi zaidi, nao huipata hasa mahali palipochomwa na jua. Lakini iko aina ambayo haitokani na jua. Aina hiyo hutokea chini ya nyayo, kwenye viganja, na chini ya kucha. Hupata watu wa rangi zote. Mtu mweusi akipata melanoma, mara nyingi huwa ni mahali hapo, hasa kwenye unyayo. Aina hiyo ndiyo iliyompata Bob Marley.

5. Jeraha au saratani?

Sasa tujiulize. Mtu ameona weusi chini ya ukucha wake. Atajuaje kama ni jeraha au ni saratani? Yako mambo manne ambayo hufanana. Tuyatazame moja moja.

Jambo la kwanza ni damu iliyovilia. Ukijikwaa kwenye jiwe, au ukiangukiwa na kitu kizito, damu huvuja chini ya ukucha. Rangi yake huwa nyekundu ya kiza, kisha nyeusi. Mara nyingi mahali hapo huuma, nawe unakumbuka siku uliyoumia. Ukucha hukua kutoka shinani kwenda nje. Kwa hiyo damu ile husogea mbele pamoja na ukucha. Baada ya majuma kadhaa unaona ukucha safi ukitokea nyuma ya weusi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua polepole sana, karibu milimita moja na nusu tu kwa mwezi. Huchukua mwaka mmoja, au mwaka na nusu, kuota wote upya.

Jambo la pili ni michirizi ya kawaida. Watu weusi wengi wana michirizi ya kahawia au nyeusi kwenye kucha zao. Tazama kucha zako sasa. Huenda unayo. Michirizi hiyo huwa kwenye kucha kadhaa, tena imenyooka, nayo hukaa miaka mingi bila kubadilika. Huo si ugonjwa.

Jambo la tatu ni fangasi. Ukucha wenye fangasi huwa mnene. Hugeuka rangi ukawa wa manjano au wa kahawia. Humomonyoka kama chokaa ya ukutani. Mara nyingi hushika kucha zaidi ya moja, na ngozi ya katikati ya vidole huwasha na kuchubuka.

Jambo la nne ni saratani. Hiyo kwa kawaida hushika ukucha mmoja tu, hasa wa kidole gumba cha mkono au cha mguu. Mchirizi mweusi unatokea kwa mtu mzima ambaye hakuwa nao zamani. Unapanuka mwezi hadi mwezi. Rangi yake si moja, hapa kahawia, pale nyeusi. Hausogei mbele kama damu iliyovilia, bali unabaki umeshika shina la ukucha. Wakati mwingine weusi unatoka nje ya ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni. Hiyo ni dalili mbaya. Ukucha unaweza kupasuka, au chini yake pakatokea kidonda kinachotoa damu. Mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu. Kwa hiyo usiseme kwamba kwa kuwa hakuumi, hakuna ugonjwa.

Liko jambo jingine la kuangalia. Mtu mwenye saratani anaweza naye kujikwaa. Akijikwaa, atasema weusi umetokana na jiwe. Tena, ziko saratani za ukucha ambazo hazina weusi. Huonekana kama kidonda chekundu tu kisichopona. Hivyo macho yetu yanatusaidia, lakini hayatoshi. Hata daktari haamui kwa macho peke yake. Hutia dawa ya ganzi, akakata kipande kidogo cha mahali hapo. Kipande hicho hupimwa kwa hadubini, chombo kinachofanya vitu vidogo sana vionekane vikubwa. Hapo ndipo ukweli unapojulikana.

Watu wengine huogopa kipimo hiki. Husema kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa. Maneno hayo yamewafanya wengi wakae nyumbani mpaka wakachelewa. Kukata kipande cha kupima hakusambazi melanoma. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kuiacha.

6. Ushauri wa madaktari

Madaktari walimshauri Bob akatwe kidole kile. Saratani ni kama ndago shambani. Ukikata majani tu, vile vitunguu vyake vinabaki udongoni, na kesho shamba limejaa tena. Inabidi kuchimba mpaka chini, na kutoa udongo wa kando pia. Ndiyo sababu daktari huondoa saratani pamoja na nyama nzima ya pembeni yake.

Bob hakukubali. Dini yake haikuruhusu mwili kukatwa. Tena alikuwa mtu wa jukwaa na mtu wa mpira. Usimcheke, ndugu msomaji. Hata sisi tungeambiwa tukatwe kidole, tungesita. Mkulima anahitaji miguu yake, na mchukuzi vilevile.

Wakaafikiana kufanya upasuaji mdogo zaidi. Mwaka huo huo wa 1977, mjini Miami nchini Marekani, madaktari waliondoa ukucha na nyama iliyokuwa chini yake. Wakachukua ngozi ya pajani wakaibandika mahali pale. Safari ya muziki aliyokuwa aifanye Marekani ilifutwa. Baada ya muda jeraha lilifunga. Bob aliona amepona.

7. Kazi inaendelea

Tarehe 22 Aprili 1978 Bob aliimba katika tamasha la amani mjini Kingston. Viongozi wa vyama viwili waliokuwa wakipingana, Michael Manley na Edward Seaga, walikuwapo. Katikati ya wimbo Bob aliwaita jukwaani. Akaishika mikono yao, akaiunganisha juu ya kichwa chake mbele ya maelfu ya watu.

Mwisho wa mwaka huo alikuja Afrika kwa mara ya kwanza. Alifika Kenya, kisha Ethiopia. Mwaka 1979 alitoa santuri yenye wimbo juu ya Zimbabwe. Wakati huo wananchi wa Zimbabwe walikuwa bado wanapigania uhuru wao, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele zilizowasaidia. Wapiganaji waliusikia wimbo huo wakatiwa moyo.

Zimbabwe ilipopata uhuru, Bob alialikwa kuimba. Alitumia fedha zake mwenyewe kusafirisha vyombo vya muziki. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, katika uwanja wa Rufaro, bendera ya wakoloni iliteremshwa na bendera mpya ikapandishwa. Bob Marley aliimba usiku ule. Watu waliokuwa nje walisukumana kutaka kuingia, na polisi wakatupa mabomu ya machozi. Moshi ulifika hadi jukwaani. Kesho yake aliimba tena kwa ajili ya wananchi waliokosa nafasi.

Aliyemwona siku ile aliona mtu mwenye nguvu. Lakini ndani ya mwili wake saratani ilikuwa haijakwisha. Chembe zake zilikuwa zimekwisha ondoka kidoleni.

8. Mwisho wa safari

Mwezi Septemba 1980 Bob alikuwa mjini New York, Marekani. Aliimba huko siku mbili mbele ya watu wengi. Tarehe 21 Septemba alikwenda kukimbia mazoezi katika bustani kubwa ya mji huo, pamoja na rafiki zake. Ghafla alianguka.

Madaktari walimpima. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Ilikuwa pia katika mapafu na ini. Siku mbili baadaye, tarehe 23 Septemba, aliimba mjini Pittsburgh. Hilo lilikuwa onyesho lake la mwisho.

Alitibiwa Marekani. Nywele zake ndefu, alizozifuga miaka mingi kwa ajili ya dini yake, zikatoka. Kisha akapelekwa Ujerumani, kwa daktari aliyekuwa na njia zake za tiba ambazo hospitali nyingi hazikuzitumia. Alikaa huko miezi kadhaa katika majira ya baridi. Hakupata nafuu. Mwili ulikonda.

Mwezi Mei 1981 alitaka kurudi kwao Jamaika. Ndege ilipofika Miami, hali yake ilikuwa mbaya sana, hata hakuweza kuendelea na safari. Alifia hospitalini huko tarehe 11 Mei 1981. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Serikali ya Jamaika ilimzika kwa heshima za taifa tarehe 21 Mei 1981. Jeneza lake lilipitishwa barabarani kutoka Kingston hadi Nine Mile, na watu walijipanga njiani kumwaga. Alizikwa katika kijiji kile kile alichozaliwa.

Bob Marley alikuwa na fedha. Alikuwa na jina. Aliweza kwenda kwa daktari wa nchi yoyote. Lakini melanoma ikisha sambaa mwilini, ni vigumu sana kuishinda. Siku hizi ziko dawa mpya ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini ni za gharama kubwa. Ikiondolewa mapema, ikiwa bado ndogo na haijasafiri, wagonjwa wengi hupona. Hapo hahitajiki tajiri. Anahitajika mtu anayeuangalia mwili wake, na kwenda hospitalini mapema.

9. Tuiangalie miili yetu

Sisi tunaotembea pekupeku, au na kandambili, tunaumia miguu kila siku. Miiba, mawe, na funza ni mambo yetu ya kawaida. Kwa sababu hiyo ni rahisi kulipuuza doa la mguuni.

Sugu ni ngozi ngumu ya manjano, mahali panaposuguliwa na kiatu au na ardhi. Ukiacha kupasugua, hupungua. Chunjua ni kinundu chenye kukwaruza, na ndani yake huweza kuonekana vitone vyeusi kama ncha za sindano. Funza huonekana kama kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Huwasha, nao huisha katika majuma machache. Lakini doa jeusi au la kahawia kwenye unyayo ambalo linapanuka, kingo zake hazilingani, rangi zake zimechanganyika, au linatoa maji au damu, hilo si la kulikalia.

Wengine wana donda ndugu la miaka mingi, au kovu la zamani la moto. Mahali hapo napo saratani ya aina nyingine huweza kuota. Donda lililotulia huanza kukua upya. Kingo zake huinuka, huwa ngumu na hupinduka nje. Hutoa harufu mbaya, na likiguswa tu linatoka damu. Usiseme ni donda lile lile la siku zote. Limebadilika.

Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari zaidi, kwa sababu ngozi zao hazina rangi ya kuzuia jua. Saratani zao hutokea usoni, masikioni, midomoni, shingoni, na mikononi. Huanza kama gamba au kidonda kidogo, ambacho mtu hudhani ni mchubuko au ni mdomo kukauka. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo za mikono mirefu tangu akiwa mdogo. Akae kivulini, na apakwe mafuta ya kukinga jua yanapopatikana. Kidonda chake chochote kikipita mwezi mmoja, apelekwe hospitalini.

Si kila baka ni saratani. Baka lililopauka, ambalo ukiligusa kwa unyoya husikii, laweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika kabisa kwa dawa zinazotolewa bure. Baka la mviringo linalowasha kingoni laweza kuwa choa. Hayo yote mtaalamu ndiye atakayeyatenganisha.

Fanya hivi. Mara moja kila mwezi, ukisha oga, tazama nyayo zako, katikati ya vidole, viganja, na kucha zote. Unyayo ni mgumu kuuona mwenyewe. Mwombe mwenzako akutazamie, nawe umtazamie wake. Kama umepaka hina au rangi ya kucha, subiri itoke, kisha utazame vizuri.

Ukiona doa jipya linalokua, au mchirizi mpya kwenye ukucha mmoja, au kidonda kilichopita mwezi bila kupona, nenda zahanati. Usikikate kwa wembe. Usikichome kwa chuma cha moto. Usikipake maji ya betri. Mambo hayo huharibu mahali pa kupima, na ugonjwa ukabaki chini. Mwambie mganga wa zahanati ni lini ulipoliona, na limebadilika vipi. Ukipewa dawa ya kidonda au ya fangasi na usipone, rudi. Omba upelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, upimwe. Kurudi mara ya pili si kumsumbua mganga. Ni kumsaidia kazi yake.

Bob Marley ameacha nyimbo, nazo zinaimbwa hata leo. Ugonjwa wake nao umeacha somo. Wewe umelisoma. Sasa mweleze na yule ambaye hajui kusoma.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu walidhani kidole cha Bob Marley kina jeraha la kawaida?
2. Damu iliyovilia chini ya ukucha inatofautianaje na saratani?
3. Kwa nini macho peke yake hayatoshi kutambua saratani?
4. Kama ndugu yako angeambiwa akatwe kidole ili aokoe maisha yake, ungemshauri nini?
5. Katika kijiji chenu, watu hufanya nini wakiwa na kidonda kisichopona? Ni lipi jema, na ni lipi la kuacha?
6. Tazama kucha zako na za jirani yako. Mmeona nini?